Kungwi Wangu na Karatasi ya Faida

Kungwi wangu hakuweza kungoja chai ipoe. Alitufunda mimi na wasichana wengi wa Kisarawe, akatuhimiza subira asubuhi na jioni, lakini yeye mwenyewe akiwekewa kikombe alikipeleka mdomoni kingali kinafuka, akaungua, akamlaumu aliyepika. Tukicheka alisema, "Nyie fuateni ninayosema. Ninayotenda niachieni mimi na Mola wangu."

Naanza na chai kwa sababu ndiyo rahisi. Ninayo mengine juu yake ambayo si rahisi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiyazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikiulizwa na wanangu, husimulia ya chai na ya waume watatu, wakacheka, nikanyamaza.

Waume watatu, ndiyo. Alitufunda kuvumilia ndoa, na kwa hilo alikuwa mkali sana. Yeye aliachana na watatu. Wa kwanza kwa uchoyo wake, wa pili kwa ubishi wake, na wa tatu, alisema mwenyewe bila haya, "Huyo hakuwa na kosa. Mimi nilishazoea kuondoka." Wanawake walimpenda kwa hayo. Walimwamini mtu asiyejifanya malaika.

Kwa asiyejua mambo yetu, kungwi ni mwanamke mzima anayemchukua msichana aliyevunja ungo, akamweka ndani, akamfunda utu uzima, kisha siku ikifika akamtoa mbele ya watu kwa ngoma na vigelegele. Yanayofundwa ndani hayasemwi nje, wala mimi sitayasema. Mwali humwita kungwi wake Somo, na humwita hivyo mpaka mmoja wao azikwe. Nilikaa ndani kwa siku nyingi nikiwa na mwana hiti wangu, kile kisanamu cha mti kisicho na mikono wala miguu, na sauti niliyoisikia kuliko zote ilikuwa yake.

Lakini namna yake ya kufundisha naweza kuisema, maana hiyo ilikuwa yake peke yake, haikutoka kwa wahenga. Akishakueleza jambo alikuuliza, "Umeelewa?" Mwali hujibu, "Nimeelewa, Somo." Hakuna mwali anayejibu vinginevyo. Kumwambia mkubwa kwamba hukuelewa ni kama kumwambia hakujua kueleza, na huo ni utovu wa adabu. Yeye alilijua hilo. Basi alikuuliza tena, "Umeelewa?" Hapo sauti yako ilianza kushuka. Akakuuliza mara ya tatu, na safari hii alitaka umrudishie jambo lote kwa maneno yako mwenyewe, kana kwamba yeye ndiye mwali. Ukishindwa, alianza upya bila kukugombeza. Alikuwa na msemo wake: "Jibu la kwanza adabu, la pili aibu, la tatu ndiyo kweli."

Alisema pia nikidanganya hukwaruza ukucha wa kidole gumba. Sikuwa najijua. Tangu siku aliyoniambia nimejichunga, na bado nikidanganya hukwaruza.

Kusoma hakujua, lakini alipenda karatasi kupita wasomi. Alikuwa na kopo la biskuti alilotunzia kila karatasi iliyoingia nyumbani kwake: stakabadhi za kodi, cheti cha ndui, barua ya mume wa pili ya kuomba radhi, hata karatasi moja ya majani ya chai aliyoitunza kwa sababu ya picha ya tembo. Alizijua zote kwa mikunjo na madoa. Ukimwomba cheti fulani alitia mkono koponi huku anaongea mambo mengine, akakitoa kile kile. Tulimwuliza kwa nini anatunza takataka. "Karatasi haina mdomo," alijibu, "lakini siku ya kesi ndiyo inayoongea."

Baada ya Uhuru kila mtu alikuwa na chama chake, nasi wanawake wa upande wetu tukaanzisha chetu. Shabaha ilikuwa moja tu, mashine ya kusaga. Mtu ambaye hakutwanga mahindi na mihogo kila siku ya Mungu hawezi kujua neno hilo lilivyokuwa tamu midomoni mwetu. Jirani yangu, Mama Siwema, alikuwa wa kwanza kutoa fungu lake, tena kubwa kuliko uwezo wake. Bega lake la kulia lilikuwa limeharibika kwa mchi. Akinyanyua mkono juu ya kichwa uso ulimkunjika. "Mimi sitaki mashine ya kutajirika," alisema. "Nataka bega langu."

Kungwi tulimfanya mweka hazina bila kupiga kura. Nani mwingine? Naye akaleta sheria ya chama kutoka kule kule kwenye kufunda. Mambo yote ya fedha aliyagawa mafungu mawili. Yapo ya wazi, na yapo ya fumbo. Kitu cha wazi ni kile ambacho ukikitazama unakiona chote: kuweka posta, kununua bati na kuliuza. Hicho wakubwa watatu wa chama wanaweza kukiamua wenyewe. Kitu cha fumbo ni kile ambacho sehemu yake imejificha, na hicho lazima kielezwe mbele ya wanachama wote, kila mmoja aulizwe mara tatu, na asiyeweza kukirudisha kwa maneno yake, fungu lake lisiguswe.

Hakuwa na mchezo na sheria hiyo. Mwaka mmoja tuliletewa shauri la kununua korosho zikiwa bado maua mtini. Mwenye shamba alitaka fedha ya haraka, akatoa bei ya chini mno. Zikikomaa, zote ni zetu. Sisi tuliona ni bahati. Kungwi aliuliza, "Mvua ikiyaangusha maua?" Mwenye shamba akasema hiyo ni kazi ya Mungu. "Basi ni fumbo," akasema Kungwi. "Ua si korosho." Tulielezwa wote, tukaulizwa mara tatu, nusu yetu tukajitoa. Waliobaki walipata kiasi, wala hawakulalamika, kwa sababu walijua walichokiingia.

Namweleza hivi ili ieleweke kwamba hakuwa mjinga. Watu walisema baadaye kwamba alikuwa mjinga, nami nikawaacha waseme.

Kisha akaja wakala wa kampuni moja, kutoka Dar es Salaam kwa basi la asubuhi, kijana wa adabu, kofia ya kiua safi, shikamoo kwa kila mkubwa. Kampuni yake ilikuwa na mfuko. Watu wanaweka fedha mfukoni, mfuko unazifanyia kazi kwenye makampuni mbalimbali, mkonge, mbao, malori, na kila baada ya miezi sita mwenye fedha anapata faida. Faida yenyewe ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile ya posta. Alituachia karatasi ya Kiswahili yenye picha ya trekta, na kijitabu cha Kiingereza.

Kungwi alimwuliza swali moja tu. "Baba, posta ni ya serikali, na inatoa kidogo. Nyinyi si serikali, mnatoa kingi. Kwa nini?"

"Yote yamo kwenye kijitabu, mama," alijibu wakala, na akanitazama mimi.

Alinitazama mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa msomi wa pale. Nilikuwa na miaka ishirini, mwalimu wa darasa la pili, nimemaliza la nane, na mfukoni nilikuwa na kalamu ya wino ambayo niliichomeka ionekane. Naam, nilijiona. Wazee wa kiume walikuwa wakiniita "mwalimu" bila kutania. Kungwi alinikabidhi kijitabu kwa mikono miwili. "Nenda kakisome, mwanangu. Utuambie kitu hiki ni cha wazi au ni cha fumbo."

Nilikaa nacho siku nne. Kurasa za mwanzo zilikuwa na picha na maneno mepesi. Kwenye ukurasa wa sita palikuwa na fungu moja refu. Maneno yake niliyajua moja moja. Yalipokaa pamoja sikuyajua. Nililisoma asubuhi, nikalisoma mchana wanafunzi wakiimba jedwali. Ningeweza kumwuliza mwalimu mkuu, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Nilifika mpaka mlangoni kwake na kijitabu mkononi. Aliinua macho, akasema, "Ndiyo, mwalimu?" Nikaomba chaki.

Miaka mingi baadaye, nikiwa Kibaha, bwana mmoja mhasibu alinifafanulia fungu lile kwa dakika tano, nami nilikuwa nalikumbuka neno kwa neno. Lilisema kwamba mfuko ule unayakopesha makampuni ambayo mabenki yameyakataa, na ndiyo maana yanalipa kingi. Kwamba yakishindwa kulipa, mwenye kuweka hana pa kudai. Na kwamba mambo yakiwa mabaya mfuko unaweza kuzuia fedha za watu kwa muda utakaoona unafaa. Kumbe hata faida yenyewe ilikuwa riba ya mikopo. Jibu la swali la Kungwi lilikuwamo mle, kama wakala alivyosema. "Hili ni fumbo juu ya fumbo," mhasibu alisema, akaniuliza kwa nini nimeliuliza. Nikamwambia nina mjomba aliyewahi kuweka.

Siku ya tano Kungwi aliniita uani kwake, wale wakubwa watatu wapo, na wanawake wengine kama kumi wamekuja kusikiliza, Mama Siwema miongoni mwao. Wakala naye alikuwa amerudi. Kungwi akaniuliza, "Umeelewa?"

"Nimeelewa, Somo."

"Ni cha wazi?"

"Ni cha wazi. Ni kama posta, ila faida ni kubwa kwa sababu biashara zao ni kubwa."

Nilingoja aniulize mara ya pili. Nakula yamini, nilingoja. Nilijua sauti yangu ingeshuka, na ya tatu ingeniumbua, na nilikuwa karibu kufurahi. Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Haya. Mwalimu amesema." Hakuniuliza tena.

Wakala akatoa fomu. Mahali pa Kungwi palihitaji dole gumba. Chini yake palikuwa na mstari wa kutiwa sahihi na mtu ajuaye kusoma, kuthibitisha kwamba amewaeleza wahusika jambo hili nao wamelielewa. Nikachomoa kalamu yangu ya wino. Nakala ya fomu ikaingia kwenye kopo la biskuti.

Faida ilikuja mara mbili. Mara ya kwanza tulipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Mara ya pili Mama Siwema alikwenda kupima kwa miguu mahali tutakapojenga banda la mashine. Mara ya tatu haikuja. Bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, malori yamesimama, na ofisi ya kampuni mjini ilikuwa na kufuli na tangazo la Kiingereza. Nilitumwa mimi kulisoma. Lile nililielewa.

Chama kilikutana pale pale uani. Wanawake hawakupiga kelele, afadhali wangepiga. Mmoja aliuliza kwa upole, "Kwa nini hatukuulizwa sote? Nani alisema ni kitu cha wazi?"

Nilikuwa nimekaa nyuma, kanga imenifunika mpaka kwenye nyusi. Kalamu nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nilifungua mdomo. Nasema nilifungua mdomo kwa sababu nataka mtu ajue nilifika mpaka hapo, ingawa haisaidii kitu.

Kungwi alikuwa amesimama. "Mimi ndiye kungwi," alisema. "Kilichopita mbele yangu ni changu. Nimekosea mimi."

Macho yake yalipita juu ya vichwa vyote, yakapita na juu ya changu bila kutua. Nami nikafunga mdomo. Waliojua kwamba nilisoma kijitabu walikuwa wengi, lakini akishasema mkubwa hivyo, nani atabisha? Na mimi nilikuwa mtoto wa watu, mwalimu wa watoto wao. Wakaniacha.

Yeye hawakumwacha. Hawakumtukana, hapana, watu wetu hawatukani. Waliacha tu kumpelekea mabinti wa kufunda. Msimu uliofuata msichana wa kwanza alipelekwa kwa kungwi mwingine, upande wa Minaki. Wa pili akafuata. "Aliyedanganywa mchana kweupe atamfunda nani?" walisema visimani. Ngoma zake zilining'inia ukutani mpaka buibui wakazitandia. Mwanamke aliyefunda mama zao na dada zao akawa anauza maandazi njiani, na wale aliowatoa kwa vigelegele walinunua, wakamwamkia, wakaenda zao. Mimi pia nilinunua. Nilinunua mengi kuliko niliyoweza kula, nikayagawa kwa wanafunzi wangu, nikijidanganya kuwa nimefanya kitu.

Jambo ambalo halinitoki ni kwamba ningeweza kuyamaliza kwa sentensi moja. Fedha zisingerudi, lakini wasichana wake wangerudi. Kila mwezi ulipopita ndivyo sentensi ile ilivyozidi kuwa nzito, maana sasa ilibidi nieleze uongo na tena nieleze kunyamaza. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha, "Mficha uchi hazai." Nilipopata uhamisho kwenda kufundisha Kibaha nilishukuru Mungu, na niliposhukuru nilijionea aibu.

Nilijenga kibanda Mkuza, huko huko Kibaha, nikaolewa, nikazaa. Miaka ya kuhamia vijijini ilipofika nilisikia kwamba Kungwi amemfuata binti yake kijijini Gwata. Gwata si mbali. Mara mbili nilimwona gulioni Mlandizi akiwa na kapu, amekuwa mdogo, anatembea kwa kupapasa. Mara ya kwanza nilijificha nyuma ya marobota ya mitumba. Mara ya pili nilimwona akisimama kwa mwuza chai, akapokea kikombe, akanywa papo hapo, akaungua, akaanza kumlaumu yule mwuzaji. Nilicheka peke yangu, kisha nikageuka, nikarudi kwenye gari bila chumvi niliyoifuata.

Kilichonipeleka Gwata mwishowe ni habari ya msiba. Mama Siwema alikuwa amefia Kisarawe. Alianguka penye kinu, mchi mkononi, akitwanga kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia haukunyanyuka tena. Aliyeniletea habari alikutana nami njiani, pale kituoni Picha ya Ndege, akaniambia kama habari ya kawaida, akaendelea na safari yake. Jumapili ile ile nilichukua mche mzima wa sabuni. Ilikuwa ile miaka ambayo duka la kijiji lilikuwa na rafu tu, na mche wa sabuni ulikuwa zawadi ya kumpa mkwe. Nilikwenda na sabuni na sentensi yangu.

Alikuwa amekaa kibarazani, anachambua mchicha kwa vidole. Jicho la kulia lilikuwa jeupe.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba." Akatabasamu. "Mwalimu. Umechelewa."

Sikujua anasema nimechelewa mchana ule au miaka ile, na sikuuliza. Nilimpa sabuni, akainusa, akashukuru. Tuliongea mvua, tukaongea bei, tukaongea Mama Siwema, akasema tu, "Bega lake limepumzika." Sentensi yangu sikuitoa. Chai ikaja. Akaungua.

Kisha akamwita mjukuu amletee kopo. Nikalitambua, ingawa rangi ilikuwa imebanduka. Akatia mkono. Karatasi ya kwanza aliyoigusa aliishika kidogo, akaiweka kando, nami niliiona sahihi yangu kwa wino uliofifia. Ya pili ndiyo aliyonipa.

"Ya hospitali," alisema. "Wanataka kunipasua jicho. Nisomee, niamue kama niende au nisiende."

Ilikuwa ya Kiingereza, mwandiko wa daktari. Nilisoma: aende Jumanne, asile kitu asubuhi, aje na mtu wa kumwongoza. Chini palikuwa na mstari mmoja juu ya jicho la kushoto, lile zima. Neno moja sikulijua. Huenda walisema lisiguswe, huenda walisema ndilo litakalopasuliwa kwanza. Nilimweleza yale mengine yote vizuri sana, kwa sauti ya mwalimu.

"Umeelewa?" aliuliza.

"Nimeelewa, Somo."

Lilitoka lenyewe. Kidole changu gumba kilikuwa kinakwaruzwa na ukucha, na yeye hakuhitaji macho, maana alielekeza sikio.

"Umeelewa?"

Mjukuu alikuwa anatutazama. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mwalimu mkuu msaidizi, nimekaa chini kwenye jamvi na machozi yanaingia mdomoni.

"Umeelewa?" aliuliza mara ya tatu.

"Sikuelewa, Somo. Mstari wa mwisho sikuuelewa. Na kile kijitabu sikukielewa. Ukurasa wa sita. Sikukielewa, nikasema ni cha wazi."

Hakushtuka hata kidogo. Alipapasa, akaiokota ile fomu ya zamani, akaikunja kwenye mikunjo yake ile ile.

"Nilijua," alisema. "Nilikusikia unakwaruza. Nilitaka kukuuliza mara ya pili, nikaona haya. Mwalimu, mbele ya watu, na mgeni wa mjini amekaa. Nikakustahi." Alirudisha fomu koponi. "Mimi nilikustahi siku moja, mwanangu. Wewe ulijistahi miaka yote hii."

Nilitaka aseme amenisamehe. Nilingoja, kama nilivyongoja uani kwake Kisarawe. Hakusema. Alinipa tena ile karatasi ya hospitali, akajifunga kanga vizuri, akanyoosha mkono ashikwe.

"Jumanne twende wote," alisema. "Ule mstari ukamwulize daktari mwenyewe. Na useme kwa sauti kwamba hukuelewa, nikusikie."